Watoro wa Norsborg

Juzi nilikuwa Rinkeby, huku kwa Waswidi, kwenye duka moja la Waafrika, nimepanga foleni na pondu yangu mkononi, kisamvu cha kugandishwa, na mama mmoja mbele yangu akafungua chupa ya mawese ili anuse kama bado ni mazuri. Harufu ikanipiga puani. Nikasahau pondu, nikasahau zamu yangu, mpaka muuzaji akaniuliza, "Dada, uko sawa?" Wapi! Sikuwa sawa hata kidogo. Watu wengine wakinusa mawese wanakumbuka mapishi ya bibi. Mimi nakumbuka glovu ya besiboli.

Msicheke. Mjomba Rajabu, kocha wetu, alitugawia glovu kuukuu ambazo klabu fulani ya mjini ilikuwa inazitupa, akatuambia ngozi ikikauka itapasuka, kwa hiyo kila mtu akaipake mafuta nyumbani kwake. Hakusema mafuta gani. Nikaingia jikoni Mama akiwa kazini, nikaona chupa ya mawese, nikaipaka glovu ndani na nje mpaka ikang'aa. Siku ya mazoezi, kila mpira niliodaka ulirudi kwa mwenzangu ukiwa na rangi ya chungwa. Mjomba akaishika ile glovu kwa vidole viwili, akainusa, akasema, "Zawadi, hii ni glovu au ni samaki?" Harufu haikutoka mpaka mwisho wa msimu, na mbwa wote wa Norsborg walinipenda.

Tulikuwa tunakaa Norsborg, mwisho kabisa wa laini nyekundu ya treni, mimi na Mama, ghorofa ya sita. Mama alifanya kazi kwenye nyumba ya wazee, zamu za asubuhi na jioni zikipishana kiasi kwamba hata yeye alikuwa anaangalia karatasi kwenye friji kujua kama yuko nyumbani au hayuko. Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja, na nilikuwa mtoto asiyetulia. Nasema hivi bila aibu kwa sababu sijabadilika sana. Sikuweza kukaa kwenye kiti. Darasani mguu wangu ulikuwa unagonga chini ya meza mpaka aliyekaa mbele yangu analalamika, na mwalimu akaandika barua nyumbani kwa maneno laini kabisa, ya Kiswidi cha adabu, kwamba Zawadi ana nguvu nyingi. Mama aliisoma mara mbili. "Nguvu mingi," akasema. "Banataka kusema uko na pepo."

Akanipeleka kanisani. Kanisa letu lilikodi ukumbi kule Hallunda Jumapili mchana, Waswidi wakishamaliza ibada yao, na baada ya mahubiri Pasta na mama wawili wakaniwekea mikono. Si kichwani. Magotini. Waliyashika magoti yangu na kuyaombea yatulie kwa jina la Yesu, na mimi nilijitahidi, nawaambia kweli, nilibana meno, lakini kadiri walivyoomba ndivyo kidole gumba cha mguu kilivyocheza ndani ya kiatu. Nilidhani Mungu anakiona kile kidole. Nilirudi nyumbani nikiamini kwamba nimeshindikana.

Basi bwana, majira hayo hayo ndipo Mjomba Rajabu alipotokea na magongo yake.

Hakuwa mjomba wa mtu yeyote pale. Alikuwa Mtanzania, mtu wa Tanga, kitambi kidogo, kofia haimtoki kichwani, fundi katika kiwanda cha malori Södertälje. Ujana wake alipelekwa Kuba kusomea ufundi, na akarudi na vitu viwili: cheti, ambacho hakikumsaidia, na besiboli, ambayo hakupata mtu wa kucheza naye kwa zaidi ya miaka ishirini. Siku moja akakuta watoto wa Kiswahili tunazurura kwenye uwanja wa changarawe nyuma ya maghorofa. Akatusimamisha mstari. Tulikuwa kumi na wawili: Wakongo wengi, Warundi wawili, Mkenya mmoja aitwaye Bosco, na Mswidi mmoja, Linus, jirani yangu wa ghorofa ya chini, ambaye alijifunza kusema shikamoo kabla yetu sisi Wakongo.

Shuleni tulikuwa tunacheza brännboll, mchezo wa Waswidi wa gongo na mpira, na humo ukikutwa njiani wenzako wanapiga kelele kwamba umeungua. Tulipoanza kupiga kelele hizo pale uwanjani Mjomba alikasirika kweli. "Hapa haungui mtu! Hapa unatoka! Mnanielewa? Unatoka kwa heshima zako, unakaa benchi, unasubiri zamu." Benchi lenyewe lilikuwa kreti za soda.

Zile sehemu nne za kukanyaga alikuwa anaziita vituo, na hapo sisi tukamwelewa haraka kuliko alivyotarajia. Vituo si tunavyo? Pale unapopigia mpira pakawa Norsborg. Cha kwanza kikawa Hallunda, cha pili Alby, cha tatu Fittja, kwa mpangilio uleule wa treni, halafu unageuza unarudi Norsborg na umepata pointi moja. Vituo vyetu vilikuwa mazulia ya mlangoni, manne, ya rangi nne. Mpaka leo nikiwa kwenye treni na sauti ikitangaza Alby, misuli ya mapaja inajikaza.

Msimu wa kwanza tulifungwa na kila mtu. Tulikuwa tumeandikishwa kwenye ligi ndogo ya watoto, bila klabu mgongoni, bila basi, bila chochote, na wenzetu walikuja na wazazi, viti vya kukunja na makapu ya mikate ya mdalasini. Kupiga mpira hatukujua. Ndipo Mjomba akatuketisha, wote isipokuwa mimi ambaye nilikuwa narukaruka pembeni, akasema, "Haya. Kupiga kumetushinda. Sasa nitawafundisha kuiba."

Alitueleza hivi. Uko Hallunda. Mrushaji anajiandaa kurusha. Wewe unasogea hatua moja, mbili, unamtazama mguu wake. Mguu ukinyanyuka tu kuelekea kwa mpigaji, unachomoka kwenda Alby bila kumsubiri mtu akupigie. Ukifika kabla ya mpira, kituo umekiiba, ni chako, hakuna wa kukudai. Akanigeukia. "Wewe usiyekaa. Njoo hapa."

Jamani, jinsi ya kuwaeleza! Kwa mara ya kwanza maishani mtu mzima aliutazama mguu wangu unaocheza na hakuniambia niutulize. Alisema, "Huo mguu, uache ucheze. Mrushaji anauona na anachanganyikiwa." Niliiba Alby siku hiyo mara ya kwanza nilipojaribu. Niliiba tena. Niliondoka uwanjani nikitaka kuimba, na nikawaza, kumbe Mungu alikisikia kile kidole.

Sasa mtoto aliyejibiwa maombi anafanya nini? Anatoa ushuhuda. Jumapili ikafika, Pasta akauliza nani ana neno la shukrani, nikasimama kabla hajamaliza.

"Bwana asifiwe," nikasema.

"Amina!" kanisa likajibu.

"Namshukuru Mungu kwa sababu jana nimeiba mara nne, na hawakunikamata."

Watu wakageukiana. Nikadhani hawakusikia, nikapandisha sauti. "Nimeiba Alby mara mbili na Fittja mara mbili. Fittja ndiyo ngumu kwa sababu wanakuwa wanakutazama. Lakini Mjomba Rajabu alinifundisha namna ya kuwatazama miguu. Alifurahi sana, akatununulia aiskrimu."

Alby na Fittja zina maduka, mnajua. Kanisa zima lilikuwa linafikiria maduka. Nilimwona Mama ameinamisha kichwa kama anatafuta kitu ndani ya mkoba wake, na hakukiinua mpaka wimbo ulipoanza.

Nyumbani alipekua begi langu, akapekua chini ya godoro, akageuza mifuko ya kila koti. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, na nikaelewa ninavyoelewa mimi: Mama amegundua yale mawese. Nikalia, nikasema, "Nilichukua kidogo tu, Mama, ya kupaka."

"Ulichukua nini?"

"Mawese."

"Na mawese pia!" Mama akakaa kitandani. "Mungu wangu, na mawese pia."

Jumatatu sikwenda mazoezini, na wenzangu wa kanisani hawakwenda. Saba kati ya kumi na wawili. Linus aliniambia ngazini kwamba Mjomba alisubiri saa nzima na mazulia yake, akawauliza watano waliobaki kuna msiba gani. Maneno yalikuwa yameshazunguka Norsborg, kutoka simu moja hadi nyingine: yule Mtanzania anafundisha watoto wizi, halafu anawalipa kwa aiskrimu. Kwa watu waliokuwa bado wanasubiri karatasi zao za kuishi nchini, mtoto mwizi halikuwa jambo la mzaha. Nilisikia Mama akisema kwenye simu kwamba polisi wakija hapa mara moja, hawataacha kuja.

Jumapili iliyofuata, katikati ya matangazo, mlango wa ukumbi ukafunguka na Mjomba Rajabu akaingia. Alikuwa amevua viatu nje, kwa mazoea ya msikitini, akasimama pale mbele ya kanisa la Wakongo na soksi zake. Akavua na kofia. Nilikuwa sijawahi kuona upara wake kabla ya hapo.

"Asalaam… Bwana asifiwe," akasema. "Naomba dakika kumi. Nimesikia nimekuwa jambazi."

Watu wakacheka, lakini wachache. Pasta, ambaye alikuwa mtu mpole na mpenda mpira wa miguu, akampa nafasi. Mjomba akaomba sahani nne za plastiki kutoka meza ya chakula, akazitandaza sakafuni. "Hii Norsborg, hii Hallunda, Alby, Fittja." Nikasikia mama mmoja nyuma yangu akisema, "Ah! Fittja njo ile?" Mpira hakuja nao, akachukua andazi. Akamweka Pasta katikati awe mrushaji, akamweka mzee mmoja wa kanisa kudaka, akaniita mimi.

Nikavua viatu, nikasimama kwenye sahani ya Hallunda. Mguu ukaanza kucheza wenyewe. Pasta akanitazama, akatazama andazi, akanyanyua mguu, nami nikachomoka. Nilifika Alby nikiteleza kwa soksi, andazi likampita mdakaji likagonga spika. Ukumbi ulilipuka. Mama mmoja alipiga vigelegele. Pasta alidai arudie, akarudia mara tatu, na mara zote tatu nilimwibia, mpaka jasho likamtoka akaomba maji.

"Mchezo ni muzuri," Pasta akasema alipopata pumzi. "Shida ni hili neno. Mutoto hawezi kusimama mbele ya madhabahu aseme anaiba."

Hapo ndipo kulipozuka mjadala ambao sitausahau. Mtu akapendekeza kunyakua. Pasta akakataa: kunyakua ni siku ile Bwana atakapolichukua kanisa lake, si mambo ya andazi. Baba yake Bosco, aliyekuja na majirani kuangalia kuna nini, akasema kukwapua, wakamzomea, maana hiyo ni mbaya kuliko kuiba. Mwingine akasema kuteka. Ukumbi ukapoa ghafla. Kuteka walikuwa wanakujua, na walioonja neno hilo kwa miili yao walikuwa wamekaa pale na watoto wao mapajani.

Mama yangu akasimama. Mama hakuwa mtu wa kusimama kanisani.

"Museme kutoroka," akasema. "Mutoto iko hapa, banamuangalia, anaona nafasi, anakimbia, anafika kwenye kuko usalama. Hiyo haiko wizi. Hiyo ni kutoroka." Akaweka mkono begani kwangu. "Mimi nilitoroka siku kumi na moja na huyu ku mugongo. Kutoroka haiko zambi. Humu ndani nani hakutoroka?"

Nilikuwa sijawahi kusikia habari za siku kumi na moja. Nilimtazama mgongo wake, ndani ya ile blauzi ya Jumapili, nikajaribu kujiona nimo juu yake, nikashindwa. Mjomba Rajabu akasema, "Mama Zawadi, Kuba wanasema kuiba, na dunia nzima inasema kuiba. Lakini sisi tutasema kutoroka."

Na jina tukapata hapohapo. Watoro. Mama mwenyewe alinunua fulana za njano kumi na mbili sokoni na kuzibandika herufi kwa pasi, usiku baada ya zamu, na kwenye yangu O ya mwisho ilipinda.

Msimu wa pili, nawaambia, walitukoma! Hatukujua kupiga bado, lakini mmoja wetu akifika Hallunda tu, kwa bahati au kwa mpira kumgonga mgongoni, basi. Wazazi wetu walisimama nyuma ya uzio wakipiga kelele "Toroka! Toroka!" na wazazi wa upande wa pili walidhani ni wimbo. Mrushaji mmoja alilia. Gazeti la bure la mtaani likaweka picha yetu, Linus mbele kabisa amekunja mikono, na Mjomba akalibandika kwenye kabati lake la kiwandani. Mama alikuja kila mechi ambayo zamu iliruhusu. Hakupiga kelele. Alisimama nje ya uzio, mikono kifuani, mkoba begani, kama mtu anayesubiri basi, na mechi ikiisha alinipa juisi na kusema, "Umefanya bien." Nilikuwa naumia kidogo. Nilidhani mchezo wetu unamchosha.

Timu haikufa siku moja. Pacha wa Kirundi walihamia Uingereza na wazazi wao, wakaondoka wakati wa likizo bila kuaga. Mwingine familia yake ilipata nyumba Södertälje, na baba yake akasema treni mbili kwa ajili ya mchezo ni wazimu. Tukabaki tisa, na tisa ndiyo timu yenyewe, hakuna wa akiba. Kanuni ya ligi ilikuwa wazi: mkija pungufu mara moja, mnapoteza mechi, mkija pungufu mara ya pili, mnafutwa. Mara ya kwanza ikatumika Bosco alipopata tetekuwanga. Tangu siku hiyo Mjomba alikuwa anatuhesabu. Anatuhesabu tukifika, anatuhesabu tukinywa maji, anatuhesabu tukivaa viatu. "Tisa," anasema, halafu anapumua.

Na mimi? Mimi nilikuwa na miaka kumi na tatu na Norsborg ilikuwa imeanza kunibana. Nilijua kila jiwe la uwanja ule. Nilikuwa nawakasirikia wenzangu wakidondosha mpira, nikawa na mdomo mchafu, Mjomba akaniweka kwenye kreti mara mbili. Halafu baada ya mechi moja mtu wa klabu kubwa ya mjini akanijia, Mswidi kijana na saa ya kupimia mkononi. Alikuwa amenipima wakati natoka Hallunda kwenda Alby. Akaniambia wana majaribio Jumamosi ijayo, wana uwanja wa nyasi, wana kocha wa kukimbia tu. Nikarudia kichwani wiki nzima: kocha wa kukimbia tu.

Jumamosi hiyo tulikuwa na mechi.

Sikumwambia mtu. Ningeweza kuwaambia kwamba nilihangaika, kwamba nilipima huku na huku, lakini huo utakuwa uongo. Nilijua tangu Jumatatu kwamba nitakwenda. Ijumaa Mjomba aliniuliza, "Kesho saa sita, sawa?" nikasema, "Sawa, Mjomba," nikimtazama usoni. Asubuhi nikamuaga Mama kwamba natangulia uwanjani. Ile fulana ya njano sikuweza kuivaa kwenda kwa watu wengine, na sikuweza kuibeba, kwa hiyo niliikunja nikaisukuma chini ya mto. Nikapanda treni. Hallunda milango ikafunguka, ikafungwa. Alby. Fittja. Mguu unanicheza, nauangalia, nauambia subiri.

Kule nilikimbia vizuri. Sitaki kuongeza neno. Walinipima mara nne, wakaitana, wakaniambia nianze Jumanne, na wakanipa kofia. Nilirudi saa moja jioni, jua bado liko juu, na nikapita njia ya nyuma ili nisiuone uwanja.

Mama alikuwa jikoni, miguu yake yote miwili imo ndani ya beseni la maji ya moto na chumvi. Magoti yamechubuka, moja lina damu iliyokauka. Kitenge kimejaa vumbi. Na juu alikuwa amevaa fulana ya njano ya mtoto wa miaka kumi na moja, imembana mabegani mpaka mishono imeanza kuachia.

"Balikuya kukutafuta," akasema. "Linus. Analia. Anasema bako munane."

Nilisimama na ile kofia mkononi.

"Nikamwambia Zawadi ametangulia. Akasema hapana, hayuko. Nikaingia chumbani, nikaona hii." Akaivuta fulana kidogo kifuani. "Nikajua hauko mugonjwa wala haujapotea. Umeenda. Basi nikavaa, nikashuka."

"Mama, hawawezi kukubali. Wewe ni mtu mzima."

"Ndiyo balisema. Yule muzee muamuzi, mwenye heshima, anasema bima, anasema umri. Nikamwambia basi andika kwamba tumeshindwa, lakini batoto tayari bamevaa, na wale bametoka mbali na mikate yao. Tucheze tu. Bakakubali." Akasogeza mguu ndani ya maji, akauma mdomo. "Batoto bamecheza vizuri. Mimi nimepiga mpira moja. Kidogo tu, umeenda hapo karibu. Lakini nimekimbia, Zawadi. Nimefika Hallunda. Halafu nikaenda Alby."

"Nani alipiga ukaenda Alby?"

"Hakuna mutu alipiga," Mama akasema, na akaanza kucheka, kicheko ambacho sikuwahi kukisikia kwake, cha msichana, akajifunika mdomo kwa mkono wenye maji. Kikaisha taratibu. Akaitazama ile kofia. "Na kule? Bamekukubali?"

"Ndiyo."

"Basi uende. Lakini Rajabu umwambie weye mwenyewe, ku mudomo yako. Sasa hivi."

Nilishuka ghorofa zote sita kwa ngazi bila kungoja lifti. Mjomba alikuwa uwanjani peke yake, anakung'uta mazulia kwenye uzio. Nikamwambia yote kwa mfululizo, majaribio, saa, Jumanne, na kwamba nilimdanganya. Alikunja zulia la Fittja, akaliweka juu ya mengine. Hakufoka. Nilitamani afoke.

"Ligi wameshatufuta," akasema. "Wamenipigia. Wamesema pole."

"Samahani, Mjomba."

"Wewe ulikuwa utaondoka tu. Nilikufundisha mimi mwenyewe." Akakaa juu ya kreti. Nikaona jinsi alivyokuwa amechoka. Nikataka kusema kitu cha maana, lakini kilichonitoka ni, "Mama alikimbiaje?"

Alinyanyuka akanionyesha. Mkono mmoja umeshika kitenge, mwingine unapiga hewa, kichwa kimerudi nyuma. "Sikumpa ishara," akasema. "Mrushaji kanyanyua mguu, naona mama mtu mzima ananipita. Ameanguka kabla ya kituo, ameingia kwa magoti. Mwamuzi kasema salama. Wale wazazi wao wote wakasimama. Tulipiga makofi mpaka mama yako akaona haya."

Watoro hawakucheza tena. Mwaka uliofuata uwanja ukatandikwa nyasi za plastiki za mpira wa miguu, na Mjomba akawa ananisalimia vizuri kila tulipokutana stesheni, akiniuliza habari za huko mjini. Mimi nilicheza kwenye ile klabu misimu sita. Nilikimbia kwenye nyasi, mbele ya watu wenye saa, nikapata medali ambazo sijui ziko sanduku gani. Mama hakuja kuniangalia, alisema ni mbali, na sasa hayupo wa kumuuliza kama kweli ulikuwa umbali. Nimewauliza waliokuwepo. Linus anasema alikimbia kwa kasi, Bosco anasema alikimbia polepole lakini kwa akili. Hawakubaliani, na kila nikiwasikia wivu unanishika upya. Mama yangu alikimbia siku moja tu maishani mwake bila mtu wa kumfukuza, na mimi sikuwepo.